Bakteria wa utumbo waliobadilishwa jeni dhidi ya magonjwa ya umetaboli: jeni abebeshwe nani?

Mradi wa kutibu ugonjwa wa umetaboli kwa bakteria aliyebadilishwa jeni huamuliwa na maswali mawili. Kemikali inayomdhuru mgonjwa inapita sehemu gani ya utumbo? Na inakaa hapo kwa muda gani? Bakteria yupi abebe jeni ni swali la tatu, ila wengi huanza nalo kwa sababu ndilo jepesi: maabara ina E. coli, ina plasmidi (kiduara cha DNA cha kubebea jeni), ina jeni ya kimeng'enya, basi kazi inaanza. Matokeo hung'ara kwenye chupa na kwa panya, kisha kwa binadamu yanafifia.

Hapa tunawalinganisha wabebaji wanne: E. coli Nissle 1917; Lactococcus lactis; jamii ya Bacteroides, hasa Phocaeicola vulgatus, ambaye zamani akiitwa Bacteroides vulgatus; na E. coli aliyechotwa kwenye utumbo wa mwenyeji mwenyewe, yaani yule atakayetibiwa. Wawili wa kwanza ni wapita njia: wanaingia, wanafanya kazi kwa saa kadhaa, wanatoka. Wawili wa mwisho ni wakazi. Ukishajua unamtaka mpita njia au mkazi, mambo mengine mengi yanajipanga yenyewe, yakiwemo yale yatakayokukosesha usingizi.

Hesabu kabla ya jeni

Chukua fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Ini la mgonjwa haliwezi kubadilisha fenilalanini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, kuwa tirosini ipasavyo, fenilalanini inajaa kwenye damu na kudhuru ubongo. Kila gramu ya protini ya chakula ina takriban miligramu 50 za fenilalanini. Mlo wenye gramu 20 za protini basi unaingiza gramu 1, yaani milimoli 6. Mwenye PKU kali hustahimili chini ya miligramu 500 kwa siku nzima.

Tuseme bakteria wako anavunja mikromoli 1 kwa saa kwa kila seli bilioni 1 zilizo hai. Dozi ya seli trilioni 1 itakupa milimoli 1 kwa saa. Akifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 2 ndani ya utumbo mwembamba, atakuwa amevunja milimoli 2, sawa na miligramu 330, theluthi ya mlo mmoja. Na hizo nguvu zote hazipatikani. Asidi ya tumbo inaua sehemu ya seli. Fenilalanini nyingi ingali imefungwa ndani ya peptidi (vipande vya protini), kimeng'enya hakiifikii. Ile iliyokwisha kufunguka inanyonywa na ukuta wa utumbo kwa kasi, kwa hiyo bakteria wako yuko mbioni akishindana na mwili wenyewe. Ukipata nusu ya hesabu ya karatasini, shukuru.

Linganisha na oksalati. Kwa mtu ambaye utumbo wake unanyonya oksalati kupita kiasi, mkojo wa saa 24 wenye zaidi ya miligramu 40 hadi 45 huhesabiwa kuwa juu, na matokeo yake ni mawe ya figo. Mwenye miligramu 80 anahitaji kupunguza 40 hivi, ambazo hazifiki nusu milimoli. Si kila oksalati iliyo tumboni inaingia kwenye damu, hivyo lazima uvunje zaidi ya hiyo. Lakini hata ukizidisha mara tano unapata miligramu 200, milimoli 2.2 kwa siku nzima. Tena sehemu kubwa ya oksalati inafika utumbo mpana, ambako vitu hukaa kwa saa nyingi. Kwa hesabu tupu, oksalati ni lengo rahisi kuliko fenilalanini kwa mbali.

Amonia ni ngumu kuliko zote mbili. Inazalishwa na bakteria wa utumbo mpana, lakini pia na utumbo mwembamba wenyewe, figo na misuli. Bakteria wa SYNB1020, Nissle wa kampuni ya Synlogic aliyetengenezwa kugeuza amonia kuwa arginini, alionyesha kwa watu wenye afya kwamba anafanya kazi yake tumboni. Kwa wagonjwa wa ini lililosinyaa hakushusha amonia ya damu, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Arginini yenyewe ikinyonywa huvunjwa kuwa urea, urea inarudi utumboni na kugeuzwa tena amonia. Ukichagua lengo lenye mzunguko wa namna hii, hata mbebaji bora hatakuokoa.

Unene na kisukari cha aina ya 2 havina kemikali moja ya kuivunja. Huko unatengeneza ishara badala ya kufagia sumu, na hilo linabadilisha uchaguzi wa mbebaji kama tutakavyoona.

Kwa mtazamo wa haraka

| | Nissle 1917 | L. lactis | P. vulgatus | E. coli wa mwenyeji |
|---|---|---|---|---|
| Kukaa utumboni | siku chache | hakai | miezi, akilishwa | muda mrefu sana kwa panya |
| Zana za jeni | nyingi mno | nzuri | chache, zinakua | zilezile za E. coli, ila hukataa mara nyingi |
| Kazi inayomfaa | kuvunja molekuli ndogo | kutoa protini nje | kuvunja taratibu, utumbo mpana | kimeng'enya cha kudumu |
| Kumtoa | rahisi | rahisi mno | hakuna uhakika | vigumu |
| Alipofika kwa binadamu | awamu ya 3, ikasimamishwa 2024 | awamu ya 1b/2a kwa kisukari cha aina ya 1 | awamu ya 1/2a | bado panya |

Nissle: mzoefu mwenye dosari mbili

Alfred Nissle alimpata mwaka 1917 huko Freiburg kwenye kinyesi cha askari ambaye hakuugua kuhara wakati wenzake waliugua. Ameuzwa kama Mutaflor kwa miongo mingi, kwa hiyo rekodi yake ya usalama ni ndefu. Kijenetiki anatii kila kitu ambacho E. coli wa maabara hutii: zana za kuhariri DNA kama lambda Red na CRISPR, na kuhamisha jeni kwa faji (virusi vya bakteria). Ana plasmidi mbili ndogo za asili, pMUT1 na pMUT2. Ziondoe au zigeuze ziwe chombo chako. Ukiziacha, plasmidi mpya inaweza kugombana nazo na kipimo chako cha PCR kikakuchanganya.

Mfano uliofanyiwa kazi kwa kina ni SYNB1618 wa PKU. Anabeba PAL iliyotoka kwa Photorhabdus luminescens, kimeng'enya kinachogeuza fenilalanini kuwa asidi ya transi-sinami bila kuhitaji kofakta ya kuongezewa. Ana pheP, pampu ya kuingiza fenilalanini ndani ya seli. Bila nakala za ziada za pampu hii, kimeng'enya kinakaa na njaa hata ukikiongeza maradufu. Ana pia LAAD ya Proteus mirabilis, ambayo hugeuza fenilalanini kuwa fenilpiruvati lakini hutaka oksijeni. Wazo la kuweka vyote viwili ni kwamba PAL ifanye kazi pasipo na oksijeni na LAAD ifanye kazi karibu na ukuta wa utumbo, ambako oksijeni kidogo huvuja. Jeni zimewekwa kwenye kromosomu. Hilo liige: plasmidi ya nakala nyingi hutoa kimeng'enya kingi siku ya kwanza na kupotea siku ya kumi, na kuihifadhi kwa jeni ya kustahimili antibiotiki hakukubaliki kwenye dawa ya binadamu.

Baadaye PAL iliboreshwa kwa kuchuja mabadiliko mengi ya kimeng'enya hicho, akatoka SYNB1934. Awamu ya 2 ilionyesha fenilalanini ya damu ikishuka kwa sehemu ya wagonjwa. Awamu ya 3 ilianza 2023 na kusimamishwa Februari 2024, baada ya tathmini ya ndani kuona kwamba haielekei kufikia lengo lake kuu. Madhara yaliyojitokeza mara nyingi katika majaribio ya aina hii ni ya tumbo: kichefuchefu, kutapika, kuharisha. Rudi kwenye hesabu ya juu uone kwa nini: dozi inaongezwa ili kufidia muda mfupi, na tumbo lina kikomo chake cha kuvumilia.

Dosari ya kwanza ya Nissle ndiyo hiyo, kwamba unalazimika kumpa kwa wingi, kila mlo. Dosari ya pili ni kolibaktini. Nissle ana kisiwa cha jeni kiitwacho pks, kinachotengeneza sumu inayoharibu DNA ya seli za utumbo. Kwa dawa ambayo mtoto ataimeza kwa miaka mingi, usiache kisiwa hicho kikiwa hai. Lakini usikate hovyo: baadhi ya jeni zake zinahusika pia kukomaza mikrosini, silaha ambayo Nissle hutumia dhidi ya bakteria wengine. Ukifuta clbP, mojawapo ya jeni hizo, nzima unapoteza vyote viwili. Ukiharibu kitovu cha utendaji cha kimeng'enya hicho peke yake, sumu inakwisha na mikrosini inabaki. Kwa mbebaji ambaye hatakiwi kukaa, mikrosini haina maana kubwa, na kufuta kwa mapana ni rahisi kumweleza mdhibiti.

Swichi ya kuwashia jeni nayo ina siasa zake. Promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya fnrS huwaka oksijeni ikikosekana, kwa hiyo bakteria anajiwasha mwenyewe tumboni. Tatizo ni kwamba kujiwasha kunachukua muda, na utumbo mwembamba unapitwa kwa saa 3 hadi 5. Kwa PKU ni afadhali kuwasha jeni ndani ya tangi la uzalishaji, seli zikavunwa zikiwa zimejaa kimeng'enya. Kwa oksalati ya utumbo mpana kujiwasha tumboni kunatosha.

Lactococcus lactis: mtume wa protini

Huyu ni bakteria wa maziwa ya kugandisha, na tutampitia haraka. Hana ukuta wa nje wa pili kama E. coli, hivyo protini ikipewa kiongozi cha Usp45, kipande cha mwanzo kinachoielekeza nje, inatoka moja kwa moja nje ya seli. Ndiyo maana amefaa kubeba protini za kinga: mwaka 2003 watafiti walimtengeneza mwenye jeni ya interlukini-10 ya binadamu, protini inayotuliza kinga, mahali pa thyA (jeni ya kutengeneza timidini, tutairudia kwenye kufuli), na jaribio kwa wagonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, likafuata. Kwa upande wa umetaboli yupo AG019, anayetoa proinsulini (mtangulizi wa insulini) na interlukini-10 ili kuufundisha mwili usishambulie seli za insulini katika kisukari cha aina ya 1.

Kama kazi yako ni kuvunja gramu za kitu, mwache. Anapendelea nyuzi joto 30, nyongo inamdhoofisha, na hadumu utumboni. Na kama wazo lako ni kumfanya atoe GLP-1, homoni ya utumbo, ili kushusha sukari, fikiria mara mbili. Kuna utafiti wa panya wakubwa wa 2015 uliotumia Lactobacillus gasseri kutoa GLP-1 na kuzifanya seli za utumbo zitengeneze insulini, na unavutia sana kisayansi. Ila peptidi inayotolewa utumboni hukutana na vimeng'enya vya kumeng'enya protini kabla haijafika popote, na mshindani wake ni semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki inayoiga GLP-1 na ambayo tayari inafanya kazi. Kushindana nayo kwa bakteria ni kujitakia taabu.

Phocaeicola vulgatus: mkazi anayelishwa mwani

Jamii ya Bacteroides ni miongoni mwa wakazi wengi kabisa wa utumbo mpana wa binadamu. Ukimweka mmoja wao akakubalika, humhitaji mgonjwa ameze trilioni za seli kila mlo. Kikwazo cha kale ni kwamba nafasi zote zimekwisha kukaliwa. Suluhisho lililochapishwa 2018 lilikuwa kumpa mgeni chakula ambacho wenyeji hawakijui: pofirani, sukari ndefu ya mwani mwekundu wa nori. Jeni za kuila zikiwekwa kwenye Bacteroides, naye anajipatia nafasi yake peke yake, na wingi wake unapanda na kushuka kulingana na kiasi cha pofirani unachompa.

Kampuni ya Novome ilichukua wazo hilo, ikaongeza njia ya kuvunja oksalati, ikapata NOV-001. Matokeo ya binadamu yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2025, na kila anayefikiria mkazi inafaa ayasome kabla ya kununua hata bomba la majaribio. Bakteria alikaa, na wingi wake ulifuata pofirani. Huo ni ushindi wa kweli. Lakini bakteria anayezaliana kila siku ndani ya jumuiya kubwa habaki kama ulivyomwumba. Mabadiliko ya jeni, yakiwemo yaliyotokana na kubadilishana DNA na bakteria wenyeji, yalijitokeza. Kwa baadhi ya washiriki bakteria hakuondoka hata pofirani iliposimamishwa. Kwa wagonjwa wenyewe, kushuka kwa oksalati ya mkojo hakukufikia kiwango cha kutangaza ushindi kitakwimu.

Jambo moja zaidi la kupima mapema: mwaka 2010 ilionekana kwamba bakteria wa utumbo wa baadhi ya Wajapani wamekwisha kupata jeni za kula pofirani kutoka kwa bakteria wa baharini. Kwa mtu wa namna hiyo, chakula chako cha siri si siri tena. Pima kinyesi cha kila mshiriki kwa jeni hizo kabla ya dozi ya kwanza.

Maabara nayo inabadilika ukimchagua mkazi huyu. Promota za E. coli hazisomwi na Bacteroides, utahitaji za kwake, kama ile ya BT1311 au ile yenye nguvu iliyotoka kwa faji. DNA huingizwa kwa kujamiisha na E. coli S17-1: paka mchanganyiko kwenye sahani ya BHI (chakula cha kukuzia bakteria) yenye damu, uache usiku kucha kwenye nyuzi 37 katika hewa ya kawaida. E. coli hutumia oksijeni na kumkinga mwenzake aliye chini yake. Kisha hamishia kwenye sanduku lisilo na oksijeni, juu ya gentamisini mikrogramu 200 kwa mililita kumuua E. coli na erithromisini mikrogramu 25 kumchuja aliyepokea. Wageni wa kazi hii hukosea hapo: wanajamiisha ndani ya sanduku tangu mwanzo na kupata makoloni machache, au wanasahau kwamba jeni ya erithromisini lazima iondolewe baadaye. Panga uondoaji huo tangu siku ya kuchora plasmidi, kwa njia ya kuchuja kinyume, yaani kuua seli ambazo bado zina plasmidi, mfano kufuta jeni ya tdk kwenye bakteria kisha kutumia kemikali ya FUdR.

E. coli wa mwenyeji: mwenye nguvu na asiyefukuzika

Maabara ya Amir Zarrinpar, San Diego, ilichapisha kwenye Cell mwaka 2022 kazi iliyofuata mantiki tofauti. Badala ya kumpigania mgeni nafasi, walichukua E. coli aliyekuwa tayari akiishi ndani ya panya, wakampachika jeni ya kimeng'enya kinachotenganisha chumvi za nyongo, wakamrudisha. Dozi moja tu ilitosha kumfanya akae maisha yote ya panya, na panya wenye kisukari walionyesha kuimarika kwa mwitikio wa insulini. Hakukuwa na antibiotiki za kusafisha njia wala chakula maalumu.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani mjadala umekwisha. Subiri. E. coli wa porini wengi hukataa DNA ngeni kwa sababu ya vimeng'enya vyao vya kukata, wengine wamekwisha kuwa sugu kwa antibiotiki unayotaka kutumia kuwachuja, na wengine wana jeni za kusababisha maambukizi ya mkojo. Kila mgonjwa anahitaji bakteria wake, uchunguzi wake wa jenomu nzima, na uzalishaji wake. Halafu kuna swali ambalo panya hawawezi kulijibu: chumvi za nyongo zikitenganishwa kwa miaka 30 mfululizo, bakteria wengine watazigeuza kuwa nini, na utumbo mpana utazipokeaje? Sifa inayomfanya avutie, kukaa bila kuombwa, ndiyo inayofanya kosa lolote la muundo liwe la kudumu.

Kufuli

Kila mbebaji anahitaji namna ya kuzuiwa, na hapa wapita njia wanashinda bila ubishi.

Kufuta thyA kunamfanya bakteria ashindwe kutengeneza timidini. Asipoipata nje anakufa. Udhaifu wake ni kwamba DNA ya seli zinazokatika utumboni na ya chakula inaweza kuacha timidini kidogo. Kufuta dapA kunamnyima diaminopimelati, tofali la ukuta wa seli, na seli inayojaribu kugawanyika bila hiyo hupasuka. Mwili wa binadamu hautengenezi diaminopimelati, ila bakteria wengine wanayo kwenye kuta zao. Kwa Nissle tunapendekeza dapA, au zote mbili. Katika tangi ongeza diaminopimelati mikrogramu 100 kwa mililita na uioshe vizuri kabla ya kukausha, kwani mabaki yake yanampa bakteria nafasi ya kugawanyika tumboni.

Faida ya kufuli la aina hii mara nyingi haitajwi. Seli isiyogawanyika inaendelea kuvunja fenilalanini kwa saa kadhaa, maana kimeng'enya kimekwisha kutengenezwa. Lakini haizaliani, kwa hiyo haibadiliki. Utafiti wa 2019 uliomfuata Nissle ndani ya panya ulionyesha jinsi anavyobadilika akiachiwa azaliane, hasa utumbo ukiwa na bakteria wachache. Kufuli hapa linalinda mazingira na linalinda dawa yenyewe.

Swichi za kujiua, zinazowasha sumu ishara fulani ikikosekana, ni kazi nzuri ya kihandisi. Kiwango kinachotumika ni kwamba asitoroke zaidi ya 1 kati ya milioni 100. Sasa zidisha: dozi ya seli trilioni 1 yenye kiwango hicho inaacha seli 10,000 hai. Zaidi ya hayo, mabadiliko ya kwanza yanayompa bakteria nafuu ni kuharibu jeni ya sumu. Weka swichi mbili zinazotumia njia tofauti, kisha kuza angalau vizazi 100 na uhesabu waliotoroka, usikadirie.

Pofirani kama kufuli pekee haitoshi, kwa sababu tuliyoeleza. Anayetaka kumtumia Bacteroides aongeze kufuli la pili lisilotegemea chakula, na awe na antibiotiki iliyothibitishwa kumwondoa bakteria ndani ya utumbo, kwa kuwa usikivu kwenye sahani ni jambo lingine.

Mshindani asiye hai

Ulinganisho unaosahauliwa ni kati ya bakteria na dawa ya kawaida. PKU ina mlo maalumu, ina dawa ya sapropterini tangu 2007, ina dawa ya pegvaliasi tangu 2018. Pegvaliasi nayo ni PAL, ila ya bakteria mwingine, na inadungwa chini ya ngozi: inafika kwenye damu bila kupitia utumbo na haina mashindano na ukuta wake, lakini mwili unaweza kuipinga kwa mzio mkali. Bakteria wa PKU basi anamfaa mgonjwa asiyeweza kuvumilia sindano hiyo, au anayehitaji nyongeza ndogo ya protini kwenye mlo. Kwa oksalati inayotokana na kasoro ya ini, yaani hiperoksaluria ya msingi aina ya 1, kuna dawa ya lumasirani tangu 2020, na oksalati hiyo inatengenezwa mwilini. Bakteria wa utumbo ataigusa kidogo tu. Oksalati inayotokana na utumbo kunyonya kupita kiasi, kwa mfano baada ya upasuaji wa kupunguza unene, ndiko kwenye pengo la kweli.

Tungechagua nini

Kwa PKU, homosistinuria na ugonjwa mwingine wowote wa asidi amino inayonyonywa utumbo mwembamba: Nissle, jeni kwenye kromosomu, zimewashwa tangini, dapA imefutwa, pks imezimwa. Usianze kabla kimeng'enya hakijavuka mikromoli 1 kwa saa kwa seli bilioni 1 katika majimaji yanayofanana na ya utumbo, yenye peptidi na nyongo. Kipimo cha bafa safi (majimaji ya maabara) kinadanganya. Meza pamoja na bafa ya bikaboneti, mwanzoni mwa mlo.

Kwa oksalati ya utumbo: anza na Nissle kuthibitisha kwamba kimeng'enya kinashusha mkojo, ndipo uhamishie njia hiyo kwa Bacteroides. Anayeruka hatua ya kwanza hataweza kujua kama kilichoshindwa ni kimeng'enya au ni ukaaji. Kusanya mkojo wa saa 24 angalau mara mbili kila kipindi, na udhibiti kalsiamu ya chakula pamoja na oksalati, maana kalsiamu hufunga oksalati na inaweza kuzalisha matokeo ambayo bakteria hakuyafanya.

Kwa ishara za homoni au kinga: L. lactis, ukiwa na hakika kwamba kiasi kidogo cha protini kinatosha. Kwa unene na kisukari cha aina ya 2, mkazi ndiye mwenye mantiki. Mwaka 2014 Nissle aliyetengeneza NAPE, mafuta ya ishara ya kushiba, alipunguza unene wa panya akiwekwa kwenye maji yao ya kunywa, na athari iliendelea kwa wiki kadhaa baada ya kusimamishwa. Hilo linaonyesha njia ipo. E. coli wa mwenyeji tungemwacha kwenye utafiti hadi apatikane na kufuli linalothibitishwa kwa mnyama anayeishi muda mrefu kuliko panya.

Panya wenyewe wana hila moja. Hula kinyesi chao na cha wenzao, hivyo bakteria aliyetoka anaingia tena na ukaaji unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Waweke mmoja mmoja juu ya sakafu ya waya kabla ya kutangaza kwamba bakteria wako anadumu.

Kwa vipimo vya binadamu wa PKU, asidi ya transi-sinami ya damu na hipurati ya mkojo, ambayo mwili hutengeneza kutokana na asidi hiyo, ndiyo alama ya PAL kazini. Ila hipurati hutokana pia na benzoati ya vyakula vilivyohifadhiwa na matunda mengi. Mpe mshiriki fenilalanini yenye deuteri (hidrojeni nzito), upime hipurati yenye deuteri peke yake. Na uhesabu dozi kwa seli hai zilizotiwa rangi chini ya darubini, pamoja na makoloni kwenye sahani. Baada ya kukaushwa kwa kugandishwa, seli nyingi hazioti tena lakini kimeng'enya chao kingali kinafanya kazi, na anayehesabu makoloni peke yake ataongeza dozi bila sababu na kumtapisha mgonjwa.